Mbwa Asiyeshikika

Mhadhara mbele ya wafugaji wa mbwa wa mjini, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumze juu ya usafi wa mbwa wa nyumbani. Najua wapo waliokuja na kalamu wakitarajia majina ya sabuni. Sabuni nitazigusia, lakini nitaanza na maswali mawili, na msinijibu kwa sauti maana hapa mmekaa na majirani zenu. Mwezi huu, nani kati yenu amepitisha kidole katikati ya vidole vya mbwa wake, mguu hadi mguu? Na nani ameinua mdomo wa juu wa mbwa wake akatazama rangi ya fizi?

Naona mnavyotazamana. Basi hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Mjini kwetu mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi. Mchana yumo bandani, usiku anafunguliwa. Ugali na dagaa, au mabaki ya wali na mifupa, husukumwa chini ya mlango wa banda. Anayemlisha ni mlinzi au kijana wa bustani. Mwenye nyumba humwona mbwa wake kupitia kioo cha gari anapoingia na kutoka. Kisha mwenye nyumba huyo huyo akikaa na wenzake hujisifu: "Mbwa wangu mkali bwana, hata mimi simgusi!" Watu hucheka na kumpongeza. Mimi daktari wa mifugo nikisikia sifa hiyo nasikia habari nyingine kabisa. Nasikia kwamba yuko mbwa ambaye kupe wake hakuna anayewaona, ambaye chanjo ya kichaa haimfikii, na ambaye siku akiugua ataletwa kwangu akiwa hajiwezi, kwa sababu kabla ya kuishiwa nguvu hapakuwa na mtu wa kumshika.

Kwa hiyo nikisema usafi wa mbwa, nataka mnielewe hivi: kumchana, kumwogesha, kumkata kucha na kumfuta masikio ni njia ya kumkagua mwili mzima, na ni njia ya kumzoesha mkono wa mtu. Manyoya kung'aa ni faida ya ziada. Kijijini, mtoto wa mfugaji humkamata mbwa wa baba yake sikio, akamtoa kupe, akamfunga kamba na kumpeleka kwenye chanjo huku akipiga mluzi. Mbwa wa mjini aliyenunuliwa kwa pesa nyingi hana bahati hiyo. Jambo hili linanisumbua kuliko jingine lolote katika kazi yangu.

Tuanze na kupe, kwa kuwa hapa pwani kupe hana likizo. Msumbufu wetu mkuu ni yule wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Aina nyingi za kupe zinahitaji majani, na zinahitaji wanyama wa namna mbalimbali ili kumaliza maisha yao. Huyu hana haja hiyo. Anaweza kunyonya kwa mbwa akiwa mchanga, akiwa kijana na akiwa mzima, na kila akishiba hudondoka, akatambaa hadi ukutani na kutafuta ufa wa kujificha. Ndiyo maana ua uliosakafiwa kwa saruji, usio na hata unyasi mmoja, unaweza kujaa kupe. Jike aliyeshiba hutaga mayai maelfu, kisha hufa. Mtu anayetoa kupe mwilini na kuziacha nyufa za banda zilivyo amefanya kazi nusu, tena ile nusu ndogo. Zibeni nyufa kwa saruji, chomeni matandiko yaliyooza, na dawa ya kunyunyizia ipite kwenye kuta, hasa kwenye kona na chini ya paa, kwa sababu kupe huyu hupanda juu.

Kupe huyu habebi damu peke yake. Yuko kijidudu aitwaye Ehrlichia canis, anayeingia ndani ya chembe nyeupe za damu, na viko vimelea viitwavyo Babesia, vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mitaani magonjwa yote mawili huitwa homa ya kupe, na si vibaya, maana mwanzo wake unafanana: mbwa anakataa chakula, anajilaza, joto linapanda. Baadaye fizi zinapauka. Kwa Babesia mkojo unaweza kugeuka kahawia iliyokoza. Kwa Ehrlichia damu huweza kutoka puani bila mbwa kugongwa popote. Na huyu Ehrlichia ana ujanja mbaya: anaweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, mbwa akiwa anakula na kubweka kama kawaida, huku uboho wa mifupa unapungukiwa nguvu ya kutengeneza damu. Siku mbwa anapoanguka, mwenye nyumba hunihakikishia kwamba "jana alikuwa mzima". Hakuwa mzima. Fizi zake zilikuwa zimepauka kwa muda, ila hapakuwa na wa kuzitazama.

Kijidudu hicho kinaweza kupita kutoka kwa kupe hadi kwa mbwa ndani ya saa chache tangu kupe alipojibandika. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwezi hautoshi. Mkono upite kila siku, dakika chache, jioni kabla ya kumfungulia. Upite wapi? Mgongoni ndiko watu wanakopapasa, na mgongoni ndiko kupe wanakopatikana kwa nadra. Tafuta ndani ya sikio na kwenye mkunjo wake, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na pale nilipowauliza mwanzoni, kati ya vidole. Kupe mchanga jicho linaweza kumkosa. Ncha ya kidole humhisi.

Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu na moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala usimpake mafuta ya taa, maana kupe anayesumbuliwa huweza kurudisha kidondani mate yake pamoja na vijidudu tunavyoviogopa. Na ule mchezo wa kumpasua kati ya kucha mbili, ambao watoto wanaupenda kwa ajili ya mlio wake, ukomeshwe. Mtieni kwenye kikopo chenye spiriti.

Sasa nifike kwenye dawa, na hapa mtanivumilia nikipandisha sauti. Duka la pembejeo linauza dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kijana wa bustani anatumwa, ananunua chupa, anapima kwa kifuniko, anakoroga kwenye ndoo ambayo hakuna aliyepima ujazo wake, kisha anammwagia mbwa. Dawa nyingi za namna hiyo zina amitraz. Ikichanganywa kwa kipimo cha mbwa na kwa maelekezo ya daktari, ni dawa inayofanya kazi. Ikizidi, mbwa anazubaa, anayumba, mapigo ya moyo yanashuka, sukari ya damu inapanda. Nyingine zina sumu za jamii ya oganofosfati, na hizo ni mbaya zaidi: mate yanachuruzika, misuli inatetemeka, mbwa anashindwa kupumua. Na anayemwogesha naye, asiye na glavu, hupata sehemu yake. Ng'ombe ana uzito wa mbwa kumi na kuzidi, na ng'ombe hajirambi mwili mzima baada ya kuoga. Mbwa hujiramba mpaka akauke.

Iko na oili chafu. Mbwa akianza kunyonyoka na kujikuna, jirani mwema hushauri apakwe oili iliyomwagwa gereji. Mara nyingi mbwa huyo ana upele, yaani utitiri umeingia kwenye ngozi, na utitiri una aina zake. Uko wa Sarcoptes, unaowasha mno, unaoanzia kingo za masikio na viwiko, na unaoweza kumrukia hata mwenye mbwa akajikuna siku kadhaa. Uko wa Demodex, unaoishi kwenye vinyweleo vya mbwa karibu wote bila kelele, ukazidi pale tu kinga ya mwili inaposhuka, kwa mfano kwa mtoto wa mbwa mwenye minyoo na njaa. Tiba zao na sababu zao hazifanani, na oili haitibu hata mmoja. Inaziba ngozi, inaunguza, na ikirambwa inaingia tumboni pamoja na vyuma vilivyosagika ndani ya injini. Siku hizi viko vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe, viroboto na utitiri kwa pamoja. Bei yake si ya chini, lakini linganisheni na bei ya mbwa mwenyewe.

Kwa wanaotumia dawa ya matone, ile inayodondoshwa kati ya mabega, mbwa asioge siku mbili kabla na siku mbili baada, kwa sababu dawa hiyo husambaa kwa kupitia mafuta ya ngozi. Kama nyumbani kuna paka, someni lebo mara mbili: permethrini ambayo mbwa anaistahimili inaweza kumuua paka.

Haya, sabuni. Ngozi ya binadamu ina asidi kiasi. Ngozi ya mbwa iko karibu zaidi na kipimo cha kati, tena tabaka lake la juu ni jembamba kuliko letu. Sabuni ya kufulia, ya unga au ya mche, inakwangua mafuta yanayoilinda, na mbwa anaanza kujikuna kwa ukavu. Watu wakiona anajikuna, wanamwogesha tena. Shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa ndiyo salama. Dawa za kusafishia vyoo zisimguse kabisa, hata kama harufu yake inawapa wengine hisia ya usafi.

Mara ngapi? Mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, asiye na ugonjwa wa ngozi, mara moja kwa mwezi inamtosha, na akijigaragaza kwenye mzoga aoge siku hiyo hiyo. Wako mbwa wasio na shida hata ya hiyo: Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo ambaye Ulaya walifanikiwa kumfuga miaka ya 1930, hujiramba na kujisafisha kwa namna ya paka, na harufu yake ni ndogo. Lakini hao hapa mjini mtawatafuta sana.

Ogesha asubuhi, ili jua likusaidie kumkausha. Anza shingoni, ushuke kuelekea mkiani. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa chenye maji, maana maji yakimwingia masikioni mbwa hukung'uta kichwa na zoezi zima linavurugika. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha suuza tena. Povu linalobaki kwapani na kinenani ndilo linaloleta wekundu kesho yake. Na kukausha ni kazi inayojitegemea. Wakati wa masika hewa yetu imejaa unyevu, na unyevu ukikaa chini ya ukanda wa shingo au kati ya vidole, ngozi hulowana, bakteria na fangasi hustawi, na kwa siku moja mnaweza kukuta kidonda kibichi kinachonuka. Ukanda uvuliwe wakati wa kuoga, na ukirudishwa uache nafasi ya vidole viwili kupita chini yake. Nimewahi kukata mnyororo uliokuwa umezama ndani ya nyama ya shingo. Mbwa alifungwa akiwa mdogo, akakua, na mnyororo haukukua naye.

Kuchana ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko kuogesha, ingawa wengi huiona ya mapambo. Brashi inaondoa manyoya yaliyokufa, inasambaza mafuta ya ngozi, inapitisha hewa, na humlazimu mwenye mbwa kutazama kila sehemu. Mbwa wa German Shepherd, wanaopendwa sana kwa ulinzi, wana manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu na magumu, ya ndani mafupi na laini. Ya ndani hunyonyoka kwa mafungu, na yasipochanwa hukwama na kuifunika ngozi kama blanketi lililolowa. Wenye huruma huamua kumnyoa kabisa, "apate hewa, maskini". Msifanye hivyo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake ni kidogo na hutoka hasa kwenye nyayo, na joto hulipunguza kwa kuhema. Manyoya yaliyochanwa vizuri humkinga na jua. Yakinyolewa, ngozi inaungua, na mara nyingine yanarudi vibaya, kwa mabaka. Akihema sana mchana, mpeni kivuli na maji, na banda la mabati lisilo na matundu libomolewe.

Kwa mbwa wadogo wenye manyoya marefu, Maltese, Shih Tzu, na Japanese Spitz ambao Nairobi wamejaa, tatizo ni kusokotana. Fundo moja nyuma ya sikio huvuta ngozi kila mbwa anapogeuza kichwa. Kina mama hapa mliowahi kusukwa kwa kubana mnajua usiku wa kwanza ulivyo. Mbwa huyo analala hivyo miezi. Kosa linalofanyika ni kumwogesha kwanza ndipo afumuliwe. Maji hukaza fundo. Fumua kwanza, kavu kavu, kuanzia ncha za manyoya kwenda kwenye ngozi, fungu kwa fungu, mkono mmoja ukishika shina ili ngozi isivutwe. Fundo lililogandana na ngozi msilikate kwa mkasi. Ngozi ya mbwa hujikunja na kuingia kati ya makali. Mpelekeni kwa mwenye mashine. Hapa mjini na Nairobi saluni za mbwa sasa zipo, na sioni aibu yoyote kumpeleka mbwa saluni, ila kabla ya kumwacha uliza kama wanachemsha au wanasafisha vifaa kwa dawa kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Masikio. Mrija wa sikio la mbwa hushuka chini, kisha hupinda kuelekea ndani. Pamba ya kijiti haifiki kwenye kona hiyo. Inachofanya ni kusukuma uchafu ushuke zaidi. Tumia dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, jaza, kanda shina la sikio mpaka usikie maji yakicheza, mwache akung'ute, kisha futa kile kilichopanda juu kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Sikio lenye afya halina harufu. Likinuka, likitoa uchafu wa kahawia, au mbwa akiinamisha kichwa upande mmoja, acha kusafisha na uje hospitali, kwa sababu ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka. Mbwa akikung'uta sana, mshipa huweza kupasuka ndani ya sikio na sikio likavimba damu. Na ziko zile ncha za masikio ya German Shepherd zenye vidonda vyeusi visivyopona: wanaozitafuna ni nzi wanaouma. Mpake jeli ya mafuta yenye dawa ya kufukuza nzi, na muhimu zaidi, ondoeni kinyesi na mabaki ya chakula bandani kila siku.

Kucha. Mbwa anayetembea barabarani huzisaga mwenyewe. Wa bandani hazisagi. Ukisikia zikigonga sakafu anapotembea, ni ndefu. Vidole vinasukumwa juu, kiungo kinachoka, na mbwa mzee anaanza kuchechemea. Ile kucha ya pembeni, ya kidole kisichogusa ardhi, hujipinda duara ikaingia kwenye nyama. Ndani ya kila kucha kuna mshipa wa damu. Kwenye kucha nyeupe unaonekana kwa rangi yake ya waridi. Kwenye nyeusi kata vipande vidogo vidogo mpaka katikati ya mkato uone kidoa cha kijivu, hapo simama. Ikitoka damu, bonyeza kwa unga wa mahindi uliosagwa laini, dakika chache. Zaidi ya hapo ni hofu yako tu, na mbwa ataihisi.

Mkiwa hapo miguuni, tafuteni funza. Mdudu huyu hakuwa wetu. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini na kushuka Angola mwaka 1872 kwa meli, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Jike huzama kwenye ngozi, akavimba kwa mayai, na mbwa humbeba bila kulalamika mpaka nyayo zinapopasuka. Nyumba inayotibu miguu ya watoto na kusahau miguu ya mbwa itatibu watoto hao kila mwaka. Kuna na yule inzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zenye unyevunyevu, ambaye kwa ajili yake bibi zetu walisisitiza nguo zipigwe pasi, hata za ndani. Buu lake huingia kwenye ngozi ya mbwa, hasa tumboni na miguuni, na kufanya jipu lenye tundu la kupumulia. Paka jeli ya mafuta, ziba tundu, subiri buu litoe kichwa, kisha bonyeza pembeni pole pole. Likipasukia ndani linaleta usaha. Matandiko ya mbwa yawe makavu, yaanikwe juani.

Meno nitayapita haraka, kwa kuwa ushauri ni mmoja: mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa, kila siku ukiweza. Dawa yetu ya meno isitumike, maana mbwa hajui kutema, na zile zenye zailitoli zinaweza kumshusha sukari ya damu hadi kufa. Ukoga ukishageuka jiwe, mswaki hauna kazi tena; njoo kwa daktari. Na mifupa ya kuku iliyopikwa haisafishi meno, inapasuka vipande vyenye ncha.

Wapo ndugu zangu Waislamu hapa, na swali la najisi huwa linabaki moyoni bila kuulizwa. Naliheshimu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na Hadithi sahihi inasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumchotea maji mbwa mwenye kiu. Kujiepusha na unyevu wake hakujawahi kuwa ruhusa ya kumwacha aoze. Vaa glavu, tenga nguo za kazi hiyo, au mkabidhi mtu asiye na uzito huo moyoni, ila umfundishe, na umlipe kwa kazi hiyo. Na kunawa mikono si kwa Waislamu peke yao. Mayai ya minyoo hukaa kwenye manyoya. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako watu na mbwa huishi kwa ukaribu sana, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizoumizwa zaidi na uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, unaoletwa na mnyoo mdogo wa mbwa.

Na sasa kichaa. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa. Ili ugonjwa ukatike, inabidi mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Tumejifunza mengi katika wilaya zinazopakana na Serengeti, ambako kampeni za chanjo zimeendeshwa kwa miaka mingi, na siku ya chanjo mnaona foleni ya watoto na mbwa wao kwenye kamba. Sindano ni rahisi. Kinachotushinda ni yule asiyeshikika. Akikung'ata mbwa yeyote, hata wako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Basi ashikikeje? Wamarekani John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi kwao, mjini Bar Harbor, walionyesha katika kitabu chao cha 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi, tangu wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili, ambapo anachozoea hakimtishi tena ukubwani. Ukinunua mtoto wa mbwa, kipindi hicho kinakupita huku unamjengea banda. Kila siku gusa nyayo, vuta kucha kidogo, inua mdomo, tazama sikio, na kila mguso ufuatwe na kipande cha dagaa. Dakika mbili. Washa mashine ya kunyolea mbali, bila kumgusa, azoee mlio.

Kwa aliyekwisha kukua katika ukali, kazi ni ndefu lakini inawezekana. Aanze yule anayemlisha, maana ndiye pekee anayeaminiwa. Siku za kwanza asimguse kabisa, akae tu karibu na banda akimtupia chakula. Kisha mkono ubavuni, si juu ya kichwa. Mkono unaoshuka kichwani mbwa huuona kama kipigo. Tazameni dalili zake: kujiramba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, weupe wa jicho kuonekana. Hapo mkono urudi. Akinguruma, msimpige. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kung'ata bila kutoa onyo. Kizuizi cha mdomo kinachomruhusu kuhema azoeshwe mapema, kwa kula ndani yake, kisiwe kitu anachokiona siku ya maumivu tu. Na kama hali ni mbaya, vidonda vimeshaonekana kwa mbali na hakuna anayeweza kumsogelea, msimkamate kwa kamba na fimbo. Niiteni, nije na dawa ya kumtuliza. Siku hiyo moja tutafanya yote, kucha, masikio, kupe, damu na chanjo, ndipo mazoezi yaanze upya akiwa hana maumivu.

Nimeona mikono, nitapokea maswali. Kabla ya hapo, ombi moja kwa mtakaokuja hospitali. Mje na yule anayemlisha mbwa, hata kama ni mlinzi wa zamu ya usiku na itabidi asubiriwe; dereva hajui mbwa amekula lini wala mkojo wake una rangi gani. Andikeni tarehe ya kila dawa ya kupe mliyotumia. Na mkiwa mmemmwagia kitu chochote, njooni na chupa yake, hata kama imebaki tupu.